Edita gani ya bure niweke kwenye Linux? Kompyuta za mtumba, umeme wa kuja na kuondoka

Kijiwe_Mikindani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nina kibanda cha steshenari hapa Mikindani: natoa kopi, nachapa, nalaminisha vyeti, najazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta za mezani ninazo nne, zote mtumba. Tatu zina ram ya GB 2, moja GB 4. Mwaka jana nilichoshwa na virusi vya flashi, kila mteja alikuwa anakuja na vyake kama mafua, nikafuta kila kitu nikaweka Linux Mint ya Xfce, ile yenye mwonekano mwepesi. Tangu hapo nalala.

Swali langu halihusu barua wala CV, hizo nafanyia LibreOffice. Nauliza edita, programu ya kuandikia maandishi matupu yasiyo na mapambo: txt, csv, html, skripti, mafaili ya mipangilio. Kuna chama cha msingi cha korosho huniletea madaftari ya wakulima nayaingiza kwenye csv, faili la orodha ambalo safu zake zinatengwa kwa mkato: jina, kijiji, simu, idadi ya mikorosho, mifuko ya salfa. Majina mia nane na ushee, na salfa haisubiri, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukishaingia kwenye maua umeingia. Jioni nina vijana wawili waliomaliza kidato cha nne nawaonyesha html. Na mimi mwenyewe huwa nachokonoa mafaili ya mfumo, mara nyingine naharibu.

Jumanne kijana mmoja alikuwa amefika jina la 340. Alikuwa amesevu mara moja tu, asubuhi, wakati wa kuliandikia faili jina. Umeme ukaenda. Ups, kile kifaa cha betri cha kushikilia umeme, ninayo moja na iko kwenye mashine ya printa. Uliporudi, faili lilikuwa na majina 12. Hakulia, ila alitoka akakaa chini ya mwembe kama nusu saa haongei na mtu.

Nataka edita ya bure kweli, siyo bure ya siku thelathini, isiyokula ram, na umeme ukienda nisirudi sifuri. Sasa hivi tunatumia xed, ile iliyokuja na Mint. Nimesoma kuhusu Vim, Emacs, nano, Geany, Kate na VS Code mpaka kichwa kimejaa, kila mtu anasifia yake kama mama ntilie na mchuzi wake.

Naomba kuwasilisha.

dogo wa Chuno

VS Code mkuu. Uzi ufungwe.

MzeeWaTeminali (Lindi)

Dogo, umesoma hiyo GB 2 au umepita juu kwa juu?

VS Code imejengwa juu ya Electron. Maana yake ukiifungua unafungua kivinjari kizima cha aina ya Chromium, ndani yake ndipo edita inakaa. Hiyo Electron yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya edita nyingine iliyoitwa Atom, ambayo wenyewe waliifunga Desemba 2022. Kwenye GB 2 ukishawasha Mint, ukafungua Firefox ya kujazia fomu za watu, halafu ukaongeza VS Code, mashine itaanza kusaga diski na kijana ataona herufi zinatokea baada ya yeye kuziandika, kama simu ya masafa ya zamani.

Halafu kuna suala la leseni. Msimbo wake wa chanzo uko huria, yaani yeyote anaweza kuusoma na kuubadili, chini ya leseni ya MIT, hilo kweli. Lakini furushi unaloshusha kwenye tovuti ya Microsoft lina leseni yake nyingine, na linatuma taarifa za matumizi mpaka uingie kwenye mipangilio uzime. Wanaotaka ile huria tupu hushusha VSCodium, ni msimbo uleule uliofungashwa na watu wengine bila hayo. Kwa ram, ni walewale.

dogo wa Chuno

Shikamoo mzee. Yangu ina GB 8, sikuwaza. Basi Sublime, ile nyepesi.

MzeeWaTeminali (Lindi)

Marahaba. Sublime ni nyepesi kweli, na ni nzuri. Ila siyo huria na siyo bure. Wanakuruhusu kuijaribu bila kikomo huku ikikukumbusha kununua. Jamaa kasema bure kweli.

Kusi (Mtwara mjini)

Nimesubiri kidogo nione kama kuna atakayeitaja kwa heshima. Vim.

Mkuu Kijiwe, umeme ndiyo shida yako, na Vim ndiyo edita iliyotengenezwa kana kwamba mwenyewe alikuwa anakaa Magomeni ya Mtwara. Ukifungua faili, yenyewe inaandika faili la pembeni lenye mkia wa .swp. Kila ukifikisha herufi 200, au ukitulia sekunde 4 bila kuandika, mabadiliko yanamwagwa humo. Umeme ukienda, ukirudi unaandika

vim -r orodha.csv

na kazi yako inarudi karibu yote. Ukishahakiki, unaisevu na kulifuta lile la .swp. Faili la asili muda wote huo halijaguswa.

Na kwa sisi wa ukanda huu ina habari yake. Mama yake ni vi, aliyoiandika Bill Joy mwaka 1976. Ndiyo sababu hata leo unatembea kwa h, j, k na l: kwenye teminali ya ADM-3A aliyokuwa anatumia, mishale ilichorwa juu ya vitufe hivyohivyo. Vim yenyewe ni ya Mholanzi, Bram Moolenaar, aliitoa mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za Amiga. Huyu bwana miaka ya 1990 alijitolea kufanya kazi kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Leseni ya Vim inakwambia itumie bure, nakili utakavyo, ila kama umefaidika wakumbuke watoto wa kule. Ukiifungua tupu bila faili, ombi hilo liko katikati ya kioo mpaka leo. Alifariki Agosti 2023. Kwangu mimi edita yenye Uganda kwenye ukurasa wa kwanza siyo ya mbali.

Kijiwe_Mikindani

Hiyo ya Uganda sikuijua, nimeipenda. Lakini Kusi, niseme ukweli. Niliwahi kuingia Vim. Nikaandika, haiandiki. Nikabonyeza tena, ikafuta mistari. Nikatafuta pa kutokea, sipaoni. Nikazima kompyuta kwa swichi ya ukutani.

Kusi (Mtwara mjini)

Hahaha, pole mkuu, wote tumepitia huo mlango. Bonyeza Esc, andika :q! halafu Enter. Ukitaka kuandika unabonyeza i kwanza. Siku tatu ngumu, baada ya hapo vidole vinajiendea.

Mama Nachingwea

Siku tatu za nani, kaka Kusi? Ni karani wa muda huyo, kaja kuingiza majina ya salfa, wiki mbili anaondoka anakuja mwingine. Kila anayekuja umtafutie siku tatu?

Mimi natunza vitabu vya hesabu huku, kazi yangu na yako Kijiwe hazipishani sana. Nakuuliza kwanza: kwa nini csv usiingize kwenye LibreOffice Calc? Ina safu, ina mistari, na yenyewe inaweka akiba ya kujiokoa kila dakika 10, unaweza kupunguza zikawa hata 2.

Kijiwe_Mikindani

Dada, nilianza na Calc. Nikarudisha orodha, karani wa chama akaniambia namba za simu zote hazina sifuri ya mbele. Niliingiza upya namba mia sita. Toka siku hiyo nikasema maandishi matupu tu.

Mama Nachingwea

Hapo kosa siyo la Calc, ni kwamba haikujua ile ni simu, ikadhani ni hesabu, na hesabu haianzi na sifuri. Wakati wa kufungua csv kinatokea kidirisha kinachoonyesha safu zako. Bofya kichwa cha safu ya simu, chagua iwe matini. Sifuri inabaki. Kwa kuingiza upya pia, chagua safu yote uiwekee muundo wa matini kabla ya kuandika.

Ila kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinirudisha kwenye edita, sijaona mtu amelisema. Ni ng'.

Ukiandika Ng'apa kwenye LibreOffice, mara nyingi kile kialama cha juu kinapindishwa chenyewe kuwa kile cha vitabuni. Kwa macho ni kilekile, kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Sasa mmoja kaandika kwenye programu ya barua, mwingine kaandika kwenye simu, mwingine kwenye edita. Ukitafuta wakulima wote wa Ng'apa unapata nusu. Nilihangaika siku nzima, nadhani watu wameibiwa salfa, kumbe wapo, wamejificha nyuma ya alama. Edita haikupindishii kitu, ulichobonyeza ndicho kinachoandikwa. Kwa lugha yetu yenye ng'ombe na ng'ambo hilo siyo dogo. Kwenye LibreOffice unaweza kuzima, iko kwenye usahihishaji wa papo kwa papo, sehemu ya lugha.

Mimi natumia Geany. Ndogo, inafunguka kabla hujakaa vizuri, inaonyesha namba za mistari, nikiambiwa mstari wa 417 una kasoro naenda moja kwa moja.

Newala Juu

Mama Nachingwea umegusa penyewe. Na mimi niongeze la mwisho wa mistari.

Kuna msimu nilituma orodha ya kijiji kizima ofisi fulani, nimeandika kwenye Linux safi kabisa. Karani akapiga simu: "Bwana, umenitumia uji." Amefungua kwenye Notepad, majina yote yako kwenye mstari mmoja kutoka hapa mpaka Tandahimba. Kosa langu, sikujua. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, na Notepad ilikuwa haiitambui ile ya Linux mpaka matoleo ya Windows 10 ya mwaka 2018. Mashine yake ilikuwa na Windows ya nyuma zaidi.

Geany ina dawa yake kwenye menyu ya waraka: unachagua mwisho wa mistari uwe wa Windows, unasevu, unatuma. Kate nayo inayo. Kinyume chake pia kipo: ukiletewa skripti iliyoandikwa Windows ukaiendesha Linux, itakugomea kwa maneno yasiyoeleweka kwa sababu ya ile alama ya ziada iliyojificha. Usitukane skripti, badilisha mwisho wa mistari.

Pwani_Kilwa

Emacs je? Ya mradi wa GNU, Richard Stallman, 1985, huria kuliko zote hapa. Nayo inajiwekea akiba, kila vibonyezo 300 au ukitulia sekunde 30, kwenye faili lenye alama ya reli (#) mbele na nyuma. Unairudisha kwa amri ya recover-file.

Mama Nachingwea

Karani wa muda, kaka. Karani wa muda.

Pwani_Kilwa

Nimeelewa dada, nimekaa chini.

MzeeWaTeminali (Lindi)

Kijiwe, kabla hujashusha kitu, umewahi kufungua mapendeleo ya hiyo xed uliyonayo? Nenda sehemu ya kusevu. Kuna kisanduku cha kujisevu kila baada ya dakika kadhaa. Kimezimwa, na ukikiwasha kinaanzia dakika 10. Weka 1. Faili likishapewa jina, kila dakika linajisevu. Kijana wako wa Jumanne angepoteza majina matano, siyo 328.

Kijiwe_Mikindani

Mzee… nimekaa na hii programu mwaka mzima. Nimefungua sasa hivi, kisanduku kipo.

Kusi (Mtwara mjini)

Ngoja mkuu, usishangilie bado. Kujisevu na kuweka akiba pembeni ni vitu viwili, na watu wanavichanganya.

Xed ikijisevu inaandika juu ya faili lako lenyewe. Sasa kijana akichagua mistari 100 kwa bahati mbaya akabonyeza herufi moja, mistari imeenda. Kabla hajashtuka dakika imefika, edita imesevu makosa yake. Umeme ukienda hapo, huna pa kurudi. Vim haifanyi hivyo. Inaandika kwenye .swp, faili halisi linakaa kama lilivyokuwa mara ya mwisho uliposevu kwa mkono wako. Ukirudi unachagua mwenyewe: nataka ya akiba, au nataka ya asili. Kate nayo ina mtindo huohuo, faili la pembeni lenye mkia wa .kate-swp, na yenyewe siyo ya kuogopesha kama Vim, ina menyu na panya kama programu nyingine. Nimejishusha leo, sitarudia.

Mama Nachingwea

Hapo kaka umesema kweli, sina ubishi. Kwenye Geany kuna nyongeza inaitwa Save Actions, inakuja nayo, unaiwasha tu kwenye meneja wa nyongeza. Inajisevu kila sekunde unazotaka, na inaweza pia kutunza nakala ya zamani kwenye folda nyingine kila inaposeviwa. Ukiwasha zote mbili, yale ya mistari 100 unakwenda kuyachukua kwenye nakala.

Kijiwe_Mikindani

Wakuu, Jumamosi sikuwa na wateja wengi. Nikaamua kufanya jaribio.

Nimechukua mashine ya GB 2. Kwa kila edita, kijana anafungua faili, anaandika majina 10, anasevu. Anaendelea mpaka jina la 40 bila kusevu tena. Akifika 40 mimi nachomoa waya ukutani. Nawasha, tunahesabu.

Xed kama ilivyokuja: 10. nano: 10. Geany kama ilivyokuja: 10. Geany na Save Actions ya sekunde 30: 37. Kate: 38, na ilipofunguka juu ya maandishi kulitokea utepe unaouliza kama nataka kurejesha. Vim: 39 na nusu, Kusi ukoo wako ulale salama, lakini ile ya Vim niliandika mimi na ilinichukua robo saa zaidi kwa sababu ya Esc.

Kate ndiyo iliyonigharimu bando. Kwenye Mint ya Xfce haiji peke yake, inakuja na ukoo mzima wa maktaba za KDE, mazingira ya mezani ilikotoka. Geany ilishuka kabla sijamaliza kumhudumia mteja wa kopi mbili.

MzeeWaTeminali (Lindi)

Jaribio zuri, lakini usichomoe tena! Diski ya mtumba hiyo, utaiua na majina yote 800. Ukitaka kujaribu edita peke yake, fungua teminali, iue kwa kill -9 na namba ya mchakato wake. Inakufa hapohapo bila nafasi ya kuaga. Siyo sawa kabisa na umeme, maana diski haikukatizwa, ila inatosha kukuonyesha edita ipi inaacha wosia.

Na kwa nano msiihukumu sana kwa hilo 10. Ukiwa umeingia kwenye seva, kompyuta ya mbali, kwa ssh na mtandao ukakatika, nano hupokea ishara kwamba teminali imefungwa na huacha faili lenye mkia wa .save. Mtandao kukatika inaumudu. Umeme wa mashine yenyewe ndiyo haina la kufanya.

Kuhusu bando: usishushe mara nne. Shusha kwenye mashine moja kwa

sudo apt-get install --no-install-recommends kate

Tumia apt-get, siyo apt, kwa sababu apt ikimaliza kusakinisha hufuta mafurushi. Ukitumia apt-get yanabaki kwenye /var/cache/apt/archives. Nakili yale ya .deb kwenye flashi, peleka mashine nyingine, ingia folda hiyo, sudo dpkg -i *.deb. Mashine ziwe na toleo lilelile la Mint lakini, vinginevyo itakudai vitu usivyo navyo.

dogo wa Chuno

Kumbe! Mimi nilikuwa nashusha upya kila mashine ya rafiki, bando linakwisha naonekana mwema.

Newala Juu

Mzee, kwa nini sasa nano iko kila mahali kama ni dhaifu hivyo?

MzeeWaTeminali (Lindi)

Siyo dhaifu, ni fupi. Kulikuwa na Pico, edita ya programu ya barua pepe ya Pine kutoka Chuo Kikuu cha Washington. Watu waliipenda lakini leseni yake haikuruhusu kusambaza nakala uliyoibadilisha, kwa hiyo wenye kujali uhuria kama Debian hawakuweza kuiweka. Mwaka 1999 Chris Allegretta akaandika mbadala wake, akauita TIP, na mwanzoni mwa 2000 jina likawa nano. Imeenea kwa sababu mtu asiyejua lolote anaifungua na maelekezo yako chini ya kioo.

Ila wafundishe vijana kwamba kile kikofia ^ maana yake ni kitufe cha Ctrl. Nimeona mtu mzima anabonyeza Shift na 6, halafu X, anashangaa kwa nini haitoki, na faili limejaa vikofia.

Kijiwe_Mikindani

Huyo mtu mzima alikuwa Mikindani?

MzeeWaTeminali (Lindi)

Sitaji majina jukwaani.

Kusi (Mtwara mjini)

Kijiwe, ukienda na nano kwa kazi zako za mfumo, andika select-editor kwenye teminali uichague, ili crontab, ile ya kupanga kazi zinazojiendesha kwa saa, isikufungulie Vim bila kutarajia ukaishia tena kwenye swichi ya ukutani.

Kijiwe_Mikindani

Nimefanya. Sasa nirudishe majibu wakuu, wiki ya pili hii.

Mashine ya GB 4 nimeweka Kate, ndiyo ya orodha. Sheria moja: kabla hujaandika jina la kwanza, faili lipewe jina na liseviwe, maana nimegundua faili lisilo na jina Kate hailiwekei akiba ya pembeni. Zile tatu nimeweka Geany, Save Actions sekunde 30, nakala za zamani zinaenda folda yake. Vijana wa html wamefurahi zaidi kuliko nilivyotegemea kwa sababu wakifungua tagi Geany inaifunga yenyewe. Mmoja alikuwa anasahau kufunga kila mara, ukurasa wake wote unakuwa wa wino mzito mpaka chini. Mimi nina nano. Xed nimeiacha, haidai kitu, wateja wanaotaka kuandika barua fupi wanaifungua.

Dada Nachingwea, nilipitisha orodha yote kutafuta kile kialama kilichopindishwa. Nilikuta 61. Nimebadilisha vyote kwa mkupuo mmoja wa kutafuta na kubadili. Wakulima wa Ng'apa hawanihusu, hao ni wenu wa Lindi, ila nilikuwa na akina Nang'oto wawili ambao ni mtu mmoja, amegawiwa salfa mara mbili.

Mama Nachingwea

Amerudisha?

Kijiwe_Mikindani

Dada, salfa ikishapigwa kwenye mikorosho inarudije.

Jana saa tano asubuhi umeme ukaenda tena. Kijana yuleyule, jina la 512. Safari hii hakwenda kwenye mwembe, alikaa palepale amekodoa macho kwenye kioo cheusi. Uliporudi akafungua Kate, utepe ukaja, akabofya kurejesha. Jina la 512 lilikuwepo. Kijiji chake tu ndiyo hakikuwepo, na kijiji alikikumbuka. Leo kaniuliza kama Vim ni ngumu kweli au ni maneno ya watu.

Kusi (Mtwara mjini)

Mlete kwangu.

dogo wa Chuno

Mkuu Kijiwe, kuna ups mbili ziko hapa nyumbani, za ofisi iliyohama. Zenyewe nzima, betri ndiyo zimekufa. Ni zile za kawaida za volti 12, ampea saa 7, maduka ya vifaa vya umeme mjini zipo. Ukinunua betri, ups nakupa.

Kijiwe_Mikindani

Nakuja inboksi sasa hivi dogo, usimpe mtu mwingine.